Taa mpya zilizofeli ukaguzi

Gari lilifeli ukaguzi kwa sababu ya taa za mbele tu. Breki, matairi na usukani vilikuwa sawa. Kwenye karatasi mkaguzi aliandika mambo matatu: ukingo wa mwanga wa dimu, yaani ule wa chini wa kupishana, unapanda upande usiofaa, taa zote mbili zimeelekezwa juu mno, na balbu si za aina iliyoandikwa kwenye taa. Mwenye gari ni shemeji yangu, na mimi ni fundi umeme wa magari, kwa hiyo karatasi ile ilifika mikononi mwangu siku ileile.

"Shemeji, hizi taa zina mwezi mmoja tu," aliniambia. "Mpya kabisa. Naona barabara nyeupe kama mchana. Wamenionea."

Nilimwomba alilete gari jioni, jua likishazama, maana taa ukiipima mchana unajidanganya. Nikamwuliza pia swali moja ambalo huwa naanza nalo: watu wanakumulikia fulu, yaani taa za mbali, ukipishana nao? Akasema ndiyo, karibu kila safari. Alidhani wanamtahadharisha kwamba kuna askari mbele.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila kosa lililofanyika hapa lilifanywa kwa nia njema na lilikuwa na sababu yake. Lakini makosa hayo yalipangwa moja juu ya jingine, na sababu ya kwanza kabisa, ile iliyomfanya atafute taa mpya, haikuguswa na mtu.

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitano, lililoundwa na taa za rifleta, yaani bakuli la kung'aa linalorudisha mwanga mbele, za balbu moja ya H4. Kwa wasioifahamu, H4 ina filamenti mbili, yaani nyuzi nyembamba zinazowaka, ndani ya kioo kimoja: ya dimu wati 55 na ya fulu wati 60. Chini ya filamenti ya dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usianguke nusu ya chini ya rifleta. Kikombe hicho ndicho kinachofanya dimu iwe dimu. Ukikiondoa, nusu ya chini ya rifleta itarusha mwanga juu, moja kwa moja kwenye macho ya watu.

Shemeji alilalamikia giza kwa muda wa kama miaka miwili. Kwanza alibadilisha balbu, akaweka mpya za aina ileile. Hazikusaidia. Halafu mtu akamshauri aweke za wati 100. Zilisaidia kidogo kwa miezi michache, kisha taa ya kushoto ikaanza kufifia tena. Mwishowe alinunua taa nzima za soko la nje, yaani si za kiwanda kilichounda gari, zenye projekta (lenzi nene inayorusha mwanga) ndani ya kioo cheusi na duara la mwanga kuizunguka. Taa hizo zilitengenezewa balbu za H7 kwa dimu na H1 kwa fulu. Fundi aliyezifunga hakutumia halojeni, balbu za kawaida za filamenti. Aliweka LED zenye feni nyuma, akaunganisha nyaya kwa adapta ya H4, akamaliza kazi kwa mchana mmoja.

Nililiegesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, mita 10 kutoka ukutani. Nilihakikisha upepo wa matairi ni sahihi, tangi liko nusu, buti liko tupu, na yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti cha dereva. Uzito wa mtu mmoja unabadilisha mwelekeo wa taa kuliko watu wengi wanavyofikiri. Nikapima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, nikapata sentimita 68. Nikachora mstari ukutani kwa chaki kwenye kimo hicho. Kisha nikatafuta lebo ya mtengenezaji wa gari karibu na taa. Magari mengi yanayo, yenye mchoro mdogo wa taa na asilimia pembeni. Ya kwake ilisema asilimia 1.2. Maana yake ni kwamba katika kila mita 10 mwanga unatakiwa kushuka sentimita 12, kwa hiyo ukingo wa juu wa dimu ulipaswa kugusa ukuta kwenye sentimita 56.

Tulipowasha, ukingo wa taa ya kushoto ulikuwa chini ya mstari wa chaki kwa sentimita moja tu. Wa kulia ulikuwa juu ya mstari kwa sentimita 6.

Hesabu yake ni rahisi. Taa ya kimo cha sentimita 68 inayoshuka kwa asilimia 1.2 inagusa barabara kwenye mita 56 au 57. Ikishuka nusu asilimia tu inafika mita 136. Ikipanda, ukingo wake haugusi barabara kamwe. Unazidi kuinuka kadiri unavyokwenda mbali, mpaka unakuta kioo cha gari linalokuja.

Halafu kulikuwa na umbo la ukingo wenyewe. Gari hili linatumika kwenye barabara za kupita kushoto. Anayekuja anatokea kulia kwako, kwa hiyo upande wa kulia ukingo wa dimu unatakiwa kuwa bapa na wa chini ili usimguse. Upande wa kushoto ndio unaoruhusiwa kupanda, kwa mwinuko wa nyuzi 15 hivi, ili uone pembeni mwa barabara, watembea kwa miguu na alama. Pale ukutani palikuwa na kinyume chake. Ukingo ulikuwa bapa kushoto na kupanda kulia.

Nikamwonyesha shemeji kwa kidole. "Hii kona inayopanda, ukiwa barabarani inaishia wapi?" Alinyamaza kidogo, akasema, "Usoni kwa anayekuja." Hapo ndipo alipoelewa zile fulu alizokuwa akimulikiwa.

Jibu la kwa nini ukingo umegeuka lilikuwa limeandikwa kwenye kioo cha taa tangu siku ya kununua. Nilifuta vumbi nikasoma: duara lenye herufi E na namba ndani yake, herufi HC/R, herufi PL, namba ya idhini, na basi. Namba iliyo karibu na E ni ya nchi iliyotoa idhini chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa za magari: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Si nchi taa ilikotengenezwa. HC ni dimu ya halojeni, R ni fulu, na mkwaju (/) kati yao unaonyesha kwamba hazijapangwa kuwaka pamoja. PL ni kioo cha plastiki. Kwa hiyo taa ilikuwa na alama halali. Kilichokosekana ni mshale. Taa isiyo na mshale wowote imetengenezwa kwa barabara za kupita kulia. Ya kupita kushoto huwa na mshale unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama mbele ya gari akiitazama taa. Mshale wenye vichwa viwili una maana kwamba taa inaweza kurekebishwa kwa pande zote mbili.

Ningependa kila anayenunua taa asome alama hizo kabla ya kutoa pesa. Muuzaji atakwambia "zina E", na ni kweli zina E. Lakini E bila mshale unaofaa barabara zako ni taa ya watu wengine. Na E iliyochapwa peke yake, bila namba ya nchi wala ya idhini, usiihesabu kuwa alama. Kwenye taa za mfumo wa Marekani utakuta herufi DOT badala yake. Hizo zinaandikwa na mtengenezaji mwenyewe akithibitisha kwamba amefuata kiwango cha huko, FMVSS 108. Hakuna ofisi ya serikali iliyoipima taa kabla haijauzwa. Ndiyo maana DOT kwenye taa ya bei rahisi inategemea kabisa uaminifu wa aliyeichapa.

Sasa tuje kwenye LED, maana watu wengi wakisikia kisa kama hiki huruka moja kwa moja kusema kwamba balbu za LED ndizo zilizokuwa zikipofusha watu. Hapa haikuwa hivyo. Ndani ya projekta kuna kibati kinachokata mwanga kabla haujafika kwenye lenzi, na kibati hakijali balbu ni ya aina gani. Ukingo wa taa hizi ulikuwa mkali na safi. Kama LED zilezile zingewekwa kwenye rifleta za zamani, hapo ndipo zingemwaga mwanga kila upande, kwa sababu rifleta imechongwa kwa kufuata mahali filamenti ilipo, kwa usahihi wa sehemu za milimita. Filamenti ni kijiti chembamba kinachowaka pande zote. LED ni vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za bati lenye unene wake. Rifleta haiwezi kujua kwamba umebadilisha.

Kwenye projekta madhara ni ya aina nyingine, nayo hayaonekani kirahisi. Mwanga wa dimu iliyo sawa una kitovu kikali, chini kidogo tu ya ukingo. Kitovu hicho ndicho kinachokufikisha mbali. LED katika taa hii zilikisambaza. Mwanga ukawa mwingi mita 10 hadi 20 mbele ya bampa, mweupe, wa kupendeza macho, lakini mbali hakuna kitu. Na baya zaidi ni kwamba jicho likizoea weupe ule wa karibu, uwezo wake wa kuona mbali kwenye giza unapungua. Dereva anaamini anaona vizuri zaidi kuliko zamani, wakati vile vinavyoweza kumuua havioni.

Hapo mnyororo ukakamilika kichwani mwangu. Balbu zilipoteza kitovu cha mwanga. Shemeji akarudi kwa fundi siku ya pili kulalamika kwamba haoni mbali. Fundi akazungusha skrubu akainua taa. Taa iliyokuwa na kona upande usiofaa sasa ikawa juu pia. Kila hatua ilirekebisha ile ya kabla yake na kuharibu kingine.

Kulikuwa na mambo mawili zaidi ambayo mkaguzi hakuyaandika. Kifuniko cha nyuma cha taa kilikatwa ili feni ya LED ipate nafasi, na tayari kulikuwa na matone ya maji ndani ya kioo. Tena taa za zamani zilikuwa na mota ndogo za kushushia mwanga, zinazoendeshwa na kitufe kwenye dashibodi, lakini taa mpya hazikuwa na mahali pa mota hizo. Plagi zake zilikuwa zinaning'inia nyuma ya bampa. Chini ya kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kifaa hicho cha kushusha ni cha lazima ikiwa mwanga hautabaki kwenye kimo chake gari likipakia mzigo. Haikuwa anasa ya kiwandani.

Shemeji hakukubali yote kirahisi. Aliniuliza mbona kuna nchi LED za kubadilishia zimeruhusiwa. Ni swali zuri. Ujerumani iliruhusu ya kwanza mwaka 2020, lakini ruhusa ile inataja balbu maalumu, ndani ya taa maalumu, kwenye modeli maalumu za magari zilizopimwa moja moja. Balbu ileile ukiihamishia kwenye gari lisilo kwenye orodha, ni kosa. Uingereza kwa upande wake, mwongozo wa ukaguzi tangu Januari 2021 unasema, kwa magari mengi, taa iliyotengenezewa halojeni haipaswi kugeuzwa kuwa ya LED wala ya zenoni, balbu ya gesi isiyo na filamenti. Nchi zinatofautiana, na kila mtu asome sheria ya kwake. Lakini wazo lililo chini ya sheria hizo zote ni moja: kinachoidhinishwa ni taa na balbu yake kwa pamoja, kama kufuli na ufunguo.

Akauliza kuhusu zenoni pia, maana alishapewa bei. Balbu ya zenoni ya D2S ya wati 35 hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 3200 hivi, wakati H7 ya halojeni ni 1500. Kanuni ileile ya 48 inataka chanzo cha dimu kinachozidi lumeni 2000 kiwe na kifaa cha kujishusha chenyewe na cha kusafishia taa. Gari lake halikuwa na kimoja wala kingine. Tukaachana nayo.

Njia ya kwanza tuliyoifikiria ilikuwa kubaki na taa zile na kurudisha halojeni za H7. Ingetibu balbu, lakini kona ingebaki upande wa kulia. Baadhi ya projekta zina wenzo mdogo wa kugeuza kibati. Nilizifungua kwa nyuma nikachungulia, hizi hazikuwa nao. Kuna mafundi wanaotia taa kwenye oveni ili gundi ilainike, wanafungua kioo, na kukata kibati upya. Nawaheshimu kwa ustadi wao, lakini taa iliyofunguliwa na kukatwa si ile tena iliyopewa namba ya idhini, hata kama ukutani inapendeza. Nilikataa.

Njia ya pili ilikuwa kurudisha zile za zamani, ambazo kwa bahati alikuwa amezihifadhi. Kioo cha nje kilikuwa kimekuwa cha manjano na chenye ukungu. Hilo linatibika: unakisugua kwa msasa wa maji kuanzia mkali kidogo mpaka laini kabisa, kisha unapaka rangi angavu ya kuzuia jua, maana bila hiyo manjano yanarudi baada ya miezi michache. Lakini nilipomulika ndani ya taa ya kushoto nikakuta fedha ya rifleta imebabuka juu ya balbu, pameungua na kuwa kahawia. Hiyo ilikuwa kazi ya zile balbu za wati 100. Rifleta iliyoungua hairudi.

Plagi ya upande ule nayo ilikuwa imeyeyuka nusu. Na plagi hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue mita ya umeme.

Niliondoa adapta, nikachomeka balbu ya zamani ya H4 ya wati 60/55, nikawasha injini na dimu. Ni lazima upime na halojeni, kwa sababu LED inakula umeme kidogo na upungufu wa volti haujionyeshi. Kwenye betri mita ilisoma volti 14.1. Kwenye plagi ya balbu ilisoma 11.6. Volti mbili na nusu zilikuwa zinapotelea njiani: kwenye swichi ya usukani iliyochakaa, kwenye nyaya nyembamba za miaka mingi, na kwenye ethi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, iliyofungwa juu ya bati lenye kutu.

Halojeni haisamehe volti zikipungua. Mwanga wake haushuki sawasawa na volti. Unashuka kwa kasi zaidi sana, karibu kwa kipeo cha 3.4. Kwenye 11.6 balbu ile ilikuwa inatoa chini ya asilimia 60 ya mwanga ambao ingeutoa kwenye 13.6. Ongeza kioo cha manjano juu yake. Giza alilolikimbia kwa miaka miwili lilikuwa hapo, kwenye nyaya na kwenye kioo. Balbu za wati 100 zilivuta ampea nyingi zaidi kwenye nyaya zilezile zilizochoka, zikapasha moto plagi mpaka ikayeyuka, upinzani ukaongezeka, na taa ya kushoto ikarudi kufifia. Laiti mtu angepima plagi ile siku ya kwanza.

Tulichofanya ni hiki. Alinunua jozi ya taa za soko la nje zenye umbo la zile za kiwandani, rifleta ya H4, zenye E na namba yake, HCR, PL, na mshale unaoelekea kulia ukizitazama kwa mbele. Mota za kushushia tulizihamisha kutoka taa za zamani. Nilifunga rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme, moja ya dimu na moja ya fulu, umeme ukitoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyowekwa karibu na betri yenyewe, kwa waya wa milimita mraba 2.5. Nyaya za zamani zikabaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Ethi niliifunga upya kwenye bati nililolikwangua mpaka liking'aa. Plagi zote mbili nilibadilisha. Balbu ni halojeni za H4 za kawaida, wati 60/55, si zile za kioo cha buluu, kwa kuwa rangi ya buluu inachuja mwanga badala ya kuuongeza.

Mita ikasoma 13.6 kwenye plagi.

Tukarudi ukutani. Kitufe cha dashibodi kwenye sifuri, shemeji kwenye kiti chake, ukingo kwenye sentimita 56, bapa kulia, ukipanda kushoto. Taa moja nilifunika kwa kitambaa wakati narekebisha nyingine, vinginevyo mianga inachanganyika na huoni unachofanya. Ukuta unatosha kukufikisha karibu na ukweli. Wakaguzi wana mashine ya lenzi inayosoma hadi sehemu ndogo ya asilimia, na kwenye mashine hiyo gari lilipita mara ya kwanza.

Usiku wa kwanza alinipigia simu akiwa na wasiwasi. "Shemeji, mbele ya bampa mbona pamepungua mwanga?" Nikamwambia aangalie mbali, si karibu, na anipe jibu baada ya siku tatu. Siku ya nne alisema alama za pembeni mwa barabara anaziona mapema kuliko alivyoziona na zile LED, na mvua ikinyesha haoni tena ule ukuta mweupe mbele yake.

Wiki iliyofuata alisafiri usiku kucha. Alisema ni lori moja tu lililommulikia fulu njia nzima, na hapo alikuwa amejaza buti mpaka juu akasahau kugeuza kile kitufe cha dashibodi. Aligeuza hadi mbili, na lori lililofuata likapita kimya.